Gofu: Kwa nini hela imehama kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye ukarabati

Mwaka 2000, Marekani ilifungua karibu viwanja 400 vipya vya gofu. Ni zaidi ya kimoja kwa siku. Miaka sita baadaye hesabu ikageuka, na kwa zaidi ya muongo mmoja mfululizo vilivyofungwa vikawa vingi kuliko vipya.

Ajabu ni kwamba gofu yenyewe haijafa. Tangu janga la korona, Wamarekani wanacheza raundi nyingi kuliko walivyokuwa wakicheza kabla yake. Kilichoanguka ni biashara iliyokuwa imejificha nyuma ya nyasi: nyumba.

Mtindo ulikuwa huu. Mwekezaji ananunua shamba kubwa, anachonga mashimo 18 katikati, anazungushia ploti, anauza. Nyumba inayotazama kijani inauzwa ghali kuliko ile ya mtaa wa nyuma. Mchezaji nyota wa zamani kama Jack Nicklaus aliweza kulipwa zaidi ya dola milioni 1 kwa ubunifu tu, kabla trekta halijagusa udongo, kwa sababu jina lake kwenye lango lilivuta wanunuzi.

Balaa lilikuja ploti zilipoisha. Maji, mbolea, mashine za kukatia nyasi na mishahara havikuisha. Soko la nyumba lilipoporomoka mwaka 2008, wenye viwanja wengi walishindwa, na wakazi waliolipia mandhari wakabaki wanatazama magugu dirishani.

Wabunifu wengi walikimbilia China. Huko serikali ilikuwa imepiga marufuku viwanja vipya tangu 2004, lakini ujenzi uliendelea kama kawaida hadi vikapita 600. Mwaka 2017 Beijing ikatangaza kufunga 111. Safari nayo ikaishia hapo kwa wengi.

Kazi ya leo ni kurekebisha

Kinachowalisha wabunifu sasa ni ukarabati. Mabomba ya kumwagilia yaliyowekwa miaka ya 1990 yamechakaa, na maji si ya bei ya kutupa tena.

Mfano unaotajwa sana ni Pinehurst No. 2, North Carolina, uwanja wa mwaka 1907 uliobuniwa na Donald Ross. Mwaka 2010 Bill Coore na Ben Crenshaw walipewa kazi ya kuurudishia sura yake ya zamani. Waling'oa zaidi ya ekari 30 za nyasi za kumwagiliwa, wakaacha mchanga na majani ya asili ya eneo hilo. Vinyunyizio vilishuka kutoka 1,150 hadi takriban 450.

Mwaka 2014 uwanja huo uliandaa U.S. Open ya wanaume na ya wanawake, wiki mbili mfululizo. Baadhi ya watazamaji wa runinga walilalamika kwamba unaonekana umekauka. Umekauka, ndiyo, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha. Mwaka 2024 mashindano ya wanaume yakarudi palepale.

Viwanja vipya bado vinajengwa, ila vinachagua mahali. Bandon Dunes, kwenye pwani ya Oregon, ulifunguliwa 1999 mbali na miji mikubwa. Mmiliki wake, Mike Keiser, alimpa kazi Mskochi kijana David McLay Kidd, ambaye wakati huo hakuwa na jina la kuvuta mtu. Wachezaji wanatembea kwa miguu na hela inatokana na mchezo na malazi, si ploti za pembeni. Mtu anasafiri siku nzima kwenda kupigwa na upepo wa bahari, na analipa vizuri tu.

Na huku kwetu?

Kigali imefuata njia inayokaribiana na hiyo. Uwanja wake wa zamani ulijengwa upya na kampuni ya Gary Player na kufunguliwa 2021 ukiwa na mashimo 18, katika jiji linalotafuta watalii na mikutano.

Kenya bado iko zaidi kwenye nyumba. Vipingo Ridge huko Kilifi, Thika Greens, na Migaa ya Kiambu, yote ni maeneo ya makazi yaliyopangwa na gofu ndani yake. Vipingo umeonyesha pia kwamba uwanja unaweza kuvuta wageni: mwaka 2019 uliandaa mashindano ya ziara ya wanawake ya Ulaya.

Yaliyotokea Marekani si lazima yatokee Kilifi au Kiambu. Ila anayetaka kununua nyumba kando ya shimo la tisa ana maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hela. Ploti ya mwisho ikishauzwa, uwanja unakuwa mali ya nani? Bili ya maji inalipwa na wachezaji au inaingizwa kwenye ada ya mwezi ya wakazi? Na je, mkataba unamzuia mwenye ardhi kuja kukata nyasi hizo hizo vipande na kuziuza kama ploti?

Hilo la mwisho liwe kwenye maandishi, si kwenye brosha.