Maoni: Programu ya Lisp haihami kwa kunakiliwa

Kijana wa Base ya Kamina akipewa zoezi la kutoa programu kwenye Lisp na kuileta kwenye Python, njia fupi ni kuigeuza mstari kwa mstari. Ataijaribu kwa majina kumi, itajibu sawasawa, mwalimu atampa pointi. Mimi nasema asipewe pointi hizo bado. Mletee orodha ya majina 2,000 uone.

Sababu inajulikana. Scheme, mmoja wa watoto wa Lisp, inaahidi katika kanuni zake kwamba funksheni ikimaliza kazi kwa kujiita yenyewe haitakula kumbukumbu zaidi, hata ijiite mara milioni. Python haina ahadi hiyo. Kwa kawaida inagoma karibu na mara 1,000, na mwaka 2009 mwanzilishi wake, Guido van Rossum, alieleza wazi kwamba hataki kuiongeza. Wako wanaoinua kikomo hicho kwa amri moja. Hiyo ni kutuliza maumivu tu, na programu nzima yaweza kuanguka. Dawa ni kuandika upya sehemu hiyo kwa kitanzi: rudia mpaka orodha iishe.

Makro ndizo ngumu zaidi. Makro ya Lisp hupokea maneno ya programu kabla hayajatekelezwa, kisha yenyewe huamua kama yatekelezwe. Ukiigeuza kuwa funksheni ya kawaida ya Python, kazi uliyoikabidhi inafanyika kwanza, sharti linasomwa baadaye. Hapa Base, penye askari wengi, haihitaji maelezo marefu: ni kama askari anayefyatua risasi kabla hajasikia neno "ikiwa". Katika programu ya minervali ya shule, "chapa risiti ikiwa amelipa" itamchapia risiti kila mtoto. Njia ya kuzunguka ipo: funga kazi ile ndani ya funksheni ndogo isiyopokea kitu, uikabidhi hiyo, iitwe tu sharti likitimia. Inachosha macho, lakini risiti hazitoki ovyo.

Wengine watasema akili bandia itafanya hayo yote. Pengine, kwa mwenye megabaiti za kutosha. Lakini nayo ikiombwa kugeuza mstari kwa mstari, yaweza kugeuza hivyo hivyo. Walimu, kabla ya pointi, mwambieni mwanafunzi aonyeshe mahali ambapo Lisp inafanya jambo ambalo Python hailifanyi, na aeleze amelizunguka vipi. Akinyamaza, mrudishieni zoezi.