Kimombo cha Mtaani: Champion, umeshinda nini?

Wiki hii nina barua kutoka Same. Aliyeandika ni dada wa miaka 23. Kwao ni huko juu milimani kwenye tangawizi, ila yeye anakaa mjini kwa shangazi yake. Jina tunalihifadhi, si unajua tena mambo ya mji mdogo.

Dada anasema alichaguliwa kwenda semina ya siku tatu kuhusu wasichana kubaki shuleni. Mwisho wa semina kila mmoja akapewa fulana na cheti. Kwenye cheti kimeandikwa Kimombo kwamba yeye sasa ni champion. Akakipandisha nyumbani mbio mbio. Mama akamwita mjomba asome, mjomba akatafsiri: "Mwanao kawa bingwa!"

Kasheshe ikaanzia hapo. Jirani wa kwanza akauliza kombe liko wapi. Wa pili akauliza zawadi shilingi ngapi. Hadi jioni mama wa watu anadaiwa pilau na kijiji kizima, na wengine wakaondoka wamenuna, wanaamini mtoto kashinda hela na anaficha.

Hilo lilipita. Lililomliza ni la pili. Aliomba kazi kwenye ofisi moja, akataka kuepuka utata. Akafungua kamusi, akaona champion pia ni mtetezi, akafunua mtetezi, akakuta advocate. Basi akaandika kwamba yeye ni advocate na cheti anacho. Kwenye usaili mzee mmoja akavua miwani: "Binti, sheria umesomea wapi?" Dada kimya. Kazi ikayeyuka. Sasa ananiuliza: "Kaka, mimi ni nani? Bingwa, mtetezi au muongo?"

Dada yangu, wewe si muongo. Umeponzwa na neno lenye vichwa viwili.

Champion asili yake ni Kilatini, campus, yaani uwanja. Champion wa mwanzo alikuwa mtu wa kuingia uwanjani kupigana, na mara nyingi hakupigania la kwake. Uingereza ya zamani watu wakigombea ardhi, kesi iliweza kuamuliwa kwa mapigano, na mwenye kesi akaweka mtu wa kupigana badala yake. Huyo ndiye champion. Sheria ile ilikuja kufutwa mwaka 1819. Watani zangu Wapare, mnaosemwa mko tayari kuuza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku, najua mngeipenda sana mahakama hiyo!

Kwa hiyo kwa Mwingereza, anayepigania mwenzake na anayeshinda ni neno lile lile. Sisi tuliyagawa. Bingwa kwetu ni mshindi, na pia ni mjuzi. Ndiyo maana hospitali kuna daktari bingwa, na hajashindana na mtu. Kwa Kimombo huyo ni specialist. Mwite champion uone atakavyokutazama. Mtetezi ni mwingine kabisa. Wawili hawa wanakutana kwenye kurasa za michezo tu, bingwa mtetezi, na hapo jamaa anatetea kombe lake mwenyewe.

Kuna aliyekuwa vyote viwili: Muhammad Ali. Mwaka 1967 alikataa kwenda vita vya Vietnam, akanyang'anywa mkanda. Kombe limekwenda, lakini kwa waliopinga vita ndipo akawa champion hasa. Ila na yeye alichemsha. Februari 1980 alitumwa na Rais Carter wa Marekani, akatua Dar kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tukaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kwa hiyo ukisikia champion, uliza anampigania nani.

Na wewe dada huna haja ya kwenda mbali. Hapo hapo Same, mwaka 1945, maelfu ya Wapare walishuka milimani wakakusanyika boma la mkoloni kukataa kodi ya kukadiria mali ya mtu, iliyoitwa mbiru. Walikaa tu, hawaondoki. Huku nyuma kina mama wakabaki na mashamba na watoto peke yao. Mamia ya kina mama wa Usangi wakaamua, wakatembea kwa miguu kilomita kama 40 mpaka Same kudai jambo liishe na waume zao warudi. Hakuna aliyewapa fulana. Kodi ile ikaja kufutwa.

Halafu tazama Mkomazi hapo jirani, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Wako waliowatetea faru, wako waliowatetea wafugaji walioondolewa mwaka 1988. Wote machampion, ila kila mmoja na upande wake.

Sasa shika kalamu:

Moja, ukitaja mchezo, champion ni mshindi: boxing champion. Champion of Africa naye ni wa kombe.

Mbili, ukitaja jambo au watu wa kupiganiwa, ni mtetezi: champion of girls' education.

Tatu, ikiwa kitendo, to champion, kushinda hakupo. Ni kulipigania jambo. Kumshinda mtu ni to beat.

Nne, na hili lilikuponza: advocate kwa Kimombo cha kawaida ni mtetezi yeyote, lakini hapa kwetu ni wakili aliyeandikishwa, kazi yenye sheria yake. Kwenye barua ya kazi usiliguse.

Andika hivi: I champion girls' education in my ward. Halafu, dada yangu, useme umefanya nini. Maana mwisho kabisa wa barua yako, kwa maandishi madogo, umeniambia ulikwenda mara nne kwa baba mmoja jirani aliyemtoa binti yake kidato cha pili akauze vitumbua, mara ya tatu akakufukuza, na mara ya nne binti akarudishiwa sare zake. Sasa hilo ndilo la kuficha chini? Hilo ndilo ungemwambia yule mzee wa miwani!

Omba kazi tena. Na mama mwambie, pilau lipo palepale. Sababu sasa anayo.

Tukutane wiki ijayo.