Bembea ya Mtoto: Ya Kumtuliza, si ya Kumlaza



Siku hizi katika akika nyingi hapa kwetu Lembeni, pamoja na kanga, sabuni na nguo za mtoto, huletwa pia kiti cha kubembea chenye betri, muziki na vidoli vinavyoning'inia. Kingine hutumwa na ndugu walioko Dar es Salaam au Maskati, kingine huokotwa katika mitumba. Nasi tumekuwa tukiulizwa na wazazi vijana: je, kifaa hiki kinafaa, au ni israfu?

Kwa mwenye uwezo si israfu. Watoto wamebembezwa tangu zamani. Watu wa pwani walikuwa na susu, na Upareni ipo mbeleko. Mtume (s.a.w.) alisali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Tena alipomsikia mtoto analia, aliifupisha sala kwa kumwonea huruma mama yake. Basi kilio cha mtoto kina haki ya kuitikiwa.

Hofu yetu ni juu ya usingizi. Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo isiyo na nguvu. Akisinzia hali ameketi nusu wima, kichwa huinama, kidevu hugusa kifua, na njia ya pumzi, ambayo kwake ni nyembamba na laini, hubanwa. Halii wala hatapitapi. Mama aliye jikoni hudhani mwanawe amepata usingizi mwema.

Jambo hili limekwisha kuua. Huko Marekani, mwaka 2019, kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni vitanda vya mwinamo vilivyoitwa Rock 'n Play, vipatavyo milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Mwaka 2022 sheria ya nchi hiyo ikapiga marufuku vitanda vyote vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Mwaka 2024 ikawa zamu ya bembea zenyewe: bembea za Snuga za kampuni hiyo hiyo, zaidi ya milioni 2, zilitolewa tahadhari baada ya vifo vya watoto 5 wa kati ya mwezi mmoja na mitatu. Wengi wao walikuwa wameachwa walale humo, hawakufungwa mikanda, na walikuwa wamewekewa matandiko ya ziada. Kifaa kilichokataliwa huko hakikosi njia ya kuingia katika robota la mitumba, na robota haliji na kijitabu cha maelezo.

Kwa hiyo anayechagua bembea na atazame kwanza mikanda: iwepo yote, ifunge, isiwe imeshonwa upya kwa uzi wa nyumbani. Miguu ya kifaa isiyumbe. Kisiwekwe juu ya meza wala kitanda, bali sakafuni, mbele ya macho ya mtu mzima. Mtoto akianza kujigeuza au kujaribu kuketi mwenyewe, bembea imemaliza kazi yake. Na akisinzia humo, ahamishwe palepale, hata kama ataamka na kulia upya, alazwe chali mahali palipo sawa na pagumu kiasi, bila mto, bila shali zito usoni. Kwa joto la tambarare yetu, hilo shali halina kazi. Hali ni hiyo hiyo kwa kiti cha mtoto cha gari: ndani ya gari ni kinga, mkifika nyumbani mtoeni.

Tuseme na akina baba. Kilio cha mtoto huongezeka mpaka karibu wiki ya sita, kisha hupungua. Ni katika wiki hizo mama huchoka hata akamwacha mtoto katika bembea usiku kucha, kwa kuwa hana mtu wa kumpokea. Baba akirudi kutoka sala ya Ishaa na amchukue mtoto, amtembeze uani begani akileta dhikri, mama alale walau saa mbili kabla ya kunyonyesha tena.

Na anayetafuta zawadi ya akika, chandarua na godoro dogo lisilobonyea vitamfaa mtoto kuliko bembea, na bei yake ni nafuu zaidi.