Miraa, tembe na ini: Tuulizane ukweli

UKIFIKA hapa Maua mchana utayaona magari ya pickup yakiteremka milima ya Nyambene kwa kasi ya kutisha, yamejaa mafurushi yaliyofungwa kwa majani ya migomba. Haraka hiyo ina sababu. Kathinoni, kemikali inayomchangamsha mtafunaji, huanza kupungua nguvu tangu kijiti kinapochumwa, na baada ya siku mbili hivi miraa huwa imechuja. Wewe uliyeko Eastleigh, Mombasa au Nakuru unaipata ingali mbichi kwa sababu kuna mtu wa kwetu aliyekesha.

Nimeanza hivyo ili usinidhanie adui wa miraa. Natibu watu katika mji ambao karo ya shule, mahari na hata ada ya kliniki yangu hulipwa kwa pesa za miraa. Hata hivyo, kuna jambo ambalo sisi madaktari na ninyi wagonjwa tumelinyamazia kwa muda mrefu mno, nalo ni ini.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwangu mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kazi yake kufunga miraa. Macho yake yalikuwa manjano kama kiini cha yai, mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi, na alikuwa amejikuna hadi ngozi ikachubuka. Alikuwa katika mwezi wa pili wa matibabu ya kifua kikuu. Nilimwuliza kuhusu pombe, akajibu, "Kidogo tu, daktari." Nikasimamisha dawa za kifua kikuu, nikapeleka damu maabara, nikaridhika kwamba nimemkamata mwizi.

Kesho yake mkewe alikuja na mfuko wa karatasi. "Daktari," akaniuliza, "na hizi pia aendelee kumeza?" Ndani ya mfuko mlikuwa na tembe za parasetamoli ambazo mumewe alimeza kila asubuhi kwa ajili ya kichwa, dawa ya mafua yenye parasetamoli hiyo hiyo, na chupa ya mitishamba isiyo na jina. Mama huyo akaongeza kwamba mumewe hutafuna tangu saa nane mchana hadi usiku wa manane bila kula chochote, kisha hunywa pombe kali ili usingizi uje.

Hayo yote mimi sikuyauliza. Hapa kwetu kumwuliza mtu kama anatafuna ni kama kumwuliza kama anakunywa chai. Nashukuru Mungu kwamba mgonjwa alipona. Aliacha vitu vyote vile, macho yakarudi meupe, tukamrudishia dawa za kifua kikuu moja baada ya nyingine huku tukipima damu, na akamaliza matibabu yake. Lakini mpaka leo siwezi kuapa ni kipi hasa kilichomdhuru.

Ili uelewe kwa nini, yafaa ujue kazi ya ini. Kiungo hiki kina uzito wa kilo moja na nusu hivi kwa mtu mzima. Karibu kila tembe unayomeza hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na ini ndilo huamua itumike vipi na itolewe vipi. Ini pia hutengeneza nyongo, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Ndani ya nyongo mna asidi ambazo ini huziunda kutokana na kolesteroli. Asidi hizo huyeyusha mafuta ya chakula tumboni kama sabuni iyeyushavyo mafuta ya sufuria, kisha asilimia 95 hivi hurudi kwenye ini kupitia damu na kutumika tena.

Lakini sabuni ni kali. Asidi za nyongo zikikwama ndani ya chembechembe za ini, huzichoma. Ndiyo maana ini lina pampu maalumu za kuzisukuma nje, na baadhi ya dawa huziba pampu hizo. Troglitazoni, dawa ya kisukari iliyosifiwa sana, iliondolewa madukani Uingereza mwaka wa 1997 na Marekani mwaka wa 2000 baada ya wagonjwa kufa kwa kuharibika maini. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba inaweza kuzuia pampu hiyo. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, nayo huweza kuizuia. Nyongo ikikwama hivyo, mgonjwa hujikuna, mkojo hukolea rangi na choo hupauka.

Sitaki mtu aache dawa za kifua kikuu kwa kusoma haya. Kifua kikuu kisipotibiwa huua, na matibabu ya miezi michache yenye rifampisini yalijaribiwa na kuthibitishwa hapa hapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970. Wengi wanaozimeza hawapati madhara ya ini. Ninachosema ni kwamba isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi huliongezea ini kazi, na ini hilo lahitaji kupunguziwa mizigo mingine.

Mzigo wa kwanza ni parasetamoli. Dawa hii ni salama kwa kipimo chake. Mtu mzima mwenye afya asizidishe tembe nane za miligramu 500 kwa saa 24. Sehemu ndogo yake hugeuka sumu ndani ya ini, na ini huizima kwa kutumia akiba yake ya kitu kiitwacho glutathayoni. Madaktari wa Uingereza waliripoti tangu 1966 jinsi parasetamoli ikizidishwa inavyoua ini, na katika miaka ya 1970 ikagunduliwa dawa ya kuikabili, asetilisisteini, ambayo hufaa zaidi ikitolewa katika saa nane za kwanza.

Sasa fikiria mtafunaji wetu. Miraa huua hamu ya chakula, na mtu anayeshinda na njaa akiba yake ya glutathayoni hupungua. Akizoea pombe, ini lake hutengeneza sumu ile kwa wingi zaidi. Asubuhi kichwa kinamgonga, anapita kwenye kioski na kununua tembe mbili, kisha mbili nyingine, na jioni dawa ya mafua juu yake. Anadhani amemeza kidogo tu, kumbe amezidisha kipimo kwa ini lililokwisha kuchoka.

Je, miraa yenyewe? Hapa ndipo Wameru wenzangu hunikunjia uso. Mwaka wa 2010 madaktari wa Uingereza, wakiwemo wa Bristol, waliandika kuhusu wanaume waliotafuna miraa, wengi wao Wasomali, waliopatikana na homa kali ya ini au ini lililosinyaa bila sababu za kawaida kama vile virusi au pombe. Hao walikuwa wagonjwa wachache, na watu wachache hawatoshi kuthibitisha jambo. Mwezi wa Januari 2013 washauri wa serikali ya Uingereza walisema ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga miraa marufuku. Serikali yao haikuwasikiliza, na tarehe 24 Juni 2014 marufuku ikaanza. Sisi wa Maua tuliumia kweli kweli, na tukajifunza kujibu kila swali la afya kwa neno moja: siasa.

Lakini mwaka wa 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Harar, mashariki mwa Ethiopia, mahali ambapo miraa ni mila kama ilivyo kwetu. Watafiti walilinganisha wagonjwa 150 wenye ugonjwa sugu wa ini na watu 300 wasio na ugonjwa huo. Waligundua kwamba uwezekano wa kuugua ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu kwa watafunaji, na kadiri mtu alivyotafuna kwa miaka mingi ndivyo hatari ilivyozidi. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kila kitu. Wanasayansi bado wanajadili kama kinachodhuru ni kathinoni, ni kinga ya mwili kulishambulia ini, au ni dawa za kuulia wadudu zilizobaki kwenye majani. Hata hivyo, Harar si London, na hatuwezi kusema kwamba ni wazungu wanaotuonea.

Kinachonichoma moyo ni hiki: Bristol wameuliza, Harar wameuliza, nasi tunaoishi chini ya miti yenyewe bado hatujauliza swali hilo kwa uzito unaostahili. Mwaka wa 2016 sheria ya Kenya iliitambua miraa kuwa zao la biashara. Vizuri sana. Zao la biashara hufanyiwa utafiti. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru zaweza kushirikiana na hospitali zetu kupima maini ya watafunaji na wasiotafuna, na kupima majani yanayouzwa kama yana dawa ya wadudu. Sehemu ya pesa za miraa igharamie kazi hiyo.

Najua hofu ya mkulima. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Pwani zilipotangaza marufuku ya muguka, Embu na Mbeere walilia kama tulivyolia sisi, na kesi ikafika mahakamani. Mkulima anaogopa kwamba utafiti utamletea marufuku nyingine. Mimi naona kinyume. Asiye na takwimu zake huhukumiwa kwa takwimu za wenzake. Na iwapo itaonekana kwamba hatari ni dawa ya wadudu, au ni kutafuna pamoja na pombe na tembe, jambo hilo laweza kurekebishwa bila kukata mti hata mmoja. Ikiwa hatari ni miraa yenyewe, basi vijana wetu, ambao ndio watafunaji wa kwanza, wana haki ya kuambiwa.

Kwa sasa, msomaji, nakuomba mambo machache. Unapokwenda kwa daktari, chukua kila tembe na kila chupa unayotumia, hata ya mitishamba. Akikuuliza kama unatafuna, mwambie ni kiasi gani na kwa miaka mingapi. Asipokuuliza, mwambie vivyo hivyo. Usimeze parasetamoli kwa tumbo lililoshinda na njaa siku nzima, na soma karatasi ya dawa ya mafua uone kama nayo ina parasetamoli. Macho yakiwa manjano, mkojo ukikolea au mwili ukiwasha bila upele, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa umo kwenye matibabu ya kifua kikuu, rudi upesi kwa wale waliokuanzishia dawa ili wao waamue.

Nanyi madaktari na wauguzi wenzangu, tuandike neno miraa kwenye kadi ya mgonjwa kama tunavyoandika sigara na pombe. Tuulize bila kukemea, maana anayekemewa hatasema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa wangu hakuficha kwa makusudi. Alinyamaza kwa sababu daktari wake hakumwuliza, na kama si mkewe na mfuko wake wa karatasi, ningemruhusu kwenda nyumbani akaendelee kumeza.