Mezani Kwetu: Saladi ya Kiyunani

Wayunani wana chakula kibichi kiitwacho horiatiki, yaani saladi ya kijijini. Chafanana na kachumbari yetu, ila mboga hukatwa vipande vikubwa. Changanya nyanya, tango, kitunguu na pilipili hoho. Tia zeituni, kisha weka juu kipande kizima cha feta, jibini ya maziwa ya kondoo, pengine na ya mbuzi kidogo.

Mchuzi wa kumiminia usinunue dukani, maana mara nyingi umetiwa sukari. Twaa vijiko 3 vya mafuta ya zeituni, kimoja cha siki au maji ya ndimu, na majani makavu ya oregano. Tikisa katika chupa yenye kifuniko. Wako wasiotia siki kabisa. Kwangu mimi huwa mzito mno. Chumvi onja kwanza, kwani feta na zeituni zina yake.

Wanga humo ni haba, mradi mkate usiletwe, ambao Wayunani hupenda kuuchovya. Basi mwenye ugonjwa wa sukari aweza kula akashiba. Lakini atumiaye insulini asiache wanga ghafula pasipo shauri la daktari, maana sukari yaweza kushuka hata akazimia.