Injini Ikifa Mara Tatu, Nani Awajibike?



Wauzaji wa magari pamoja na baadhi ya mafundi wamejitengenezea ngao ya maneno: "Gari la mtumba ndivyo lilivyo." Injini ikichemka kwenye miinuko ya Mai Mahiu, jibu ni hilo. Ikifunguliwa, ikafungwa, ikafa tena baada ya mwezi mmoja, jibu ni hilo hilo. Sisi tunalikataa jibu hili. Injini haifi kwa majaliwa. Hufa kwa sababu, na sababu hiyo ina mwenyewe.

Hatukani kwamba chuma huchakaa. Mwalimu anayekopa katika chama cha akiba ili anunue gari lenye umri wa miaka kumi na mitano anajua vyema kwamba hanunui jipya. Lakini kununua kitu kilichochakaa si kukubali kudanganywa, wala uchache wa fedha za mnunuzi si kibali cha kumnyang'anya haki yake.

Tazameni jinsi balaa hili linavyotokea. Injini nyingi za magari haya zina kichwa cha aluminiamu. Maji ya rejeta yakivuja, au feni ikakwama, au rejeta ikazibwa na kutu kwa sababu mwenye gari wa awali alijaza maji ya mfereji miaka nenda miaka rudi, joto hupanda, kichwa hupinda na gasketi huungua. Maji huvuka mpaka kwenye oili, nayo oili hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Tiba yake inajulikana: kichwa kipimwe kama kimenyooka, kipelekwe kwenye mashine kikasawazishwe, kisha kitafutwe kile kilicholeta joto. Fundi mwenye pupa hafanyi hayo. Hubadilisha gasketi peke yake, hung'oa thamostati akidai kwamba nchi ya joto haiihitaji, hupokea malipo, huaga. Ugonjwa umebaki ndani. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa anayeficha ni mmoja na anayeumbuka ni mwingine.

Ikifika mara ya tatu, mwenye gari huambiwa anunue injini nyingine iliyotumika, iliyoletwa kutoka Japani. Imetembea kilomita ngapi? Ilitolewa katika gari lililopatwa na nini? Hakuna ajibuye. Huonyeshwa chuma kilichooshwa kikang'aa, na dhamana yake ni maneno ya mdomo. Ametoka katika siri moja, ameingia katika nyingine, na mkopo bado unamdai.

Tutaambiwa kwamba serikali imeweka ulinzi. Ni kweli kwamba kiwango cha KS 1515 kinazuia kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kwamba magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Lakini ukaguzi huo hutazama hali ya gari siku ile. Gari likishatoka bandarini Mombasa laweza kuishi miaka mingine ishirini, likipita mikononi mwa watu watatu, wanne au watano. Katika mauzo hayo yote, kitabu cha usajili humwonyesha mnunuzi nambari ya chasisi na nambari ya injini, lakini hakimwambii kwamba injini hiyo imekwisha kuchemka na kufunguliwa mara mbili.

Wala tusidanganyike kwamba hatuna sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa hasara iletwayo na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inabatilisha sharti la mkataba linalojaribu kufuta dhamana ambazo sheria imekwisha kumpa mnunuzi. Basi mfanyabiashara anayegonga muhuri wa "kama lilivyo, mahali lilipo" asidhani kwamba muhuri huo umemfungia mnunuzi mlango wa mahakama. Nayo Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mwananchi aweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

Hatumwandami fundi wa jua kali anayefanya kazi yake kwa uaminifu, ambaye mara nyingi huombwa na mwenye gari aache gharama ya mashine. Huyo pia hulindwa na maandishi. Kwa hivyo twadai:

Kwanza, kila mfanyabiashara auzaye gari lililotumika aeleze kwa maandishi yote ayajuayo kuhusu injini: kama imechemka, kama imefunguliwa, kama imebadilishwa.

Pili, kila gereji itoe stakabadhi inayotaja kilichovunjika, kilichosababisha, na kilichofanywa. Vipuri vilivyotolewa arudishiwe mwenyewe.

Tatu, injini iliyotumika isiuzwe bila dhamana ya maandishi yenye nambari ya injini hiyo na muda uliotajwa.

Nne, kilomita za gari ziandikwe kila linapokaguliwa na kila linapobadilisha mwenyewe, na mnunuzi aruhusiwe kuzisoma kabla hajalipa.

Nawe mwananchi, usingoje sheria ikufuate nyumbani. Nenda na fundi wako mwenyewe. Ikute injini ikiwa baridi, ufunue kifuniko cha oili, utazame maji ya rejeta. Dai karatasi, na uitunze. Anayekataa kuandika anachokisema amekwisha kukuambia thamani ya maneno yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa soko hili ni ukimya, na wanaolipa gharama ya ukuta ni sisi. Hatutalipa tena tukiwa tumenyamaza.