Ng'ombe Mmoja, Laptopu Moja

Nilipopata chuo, mama aliuza ng'ombe ninunue laptopu mpya. Niliichagua kwa macho: nyembamba, inang'aa, stika zote zipo. Ndani ilikuwa na RAM ya GB 4, tena imelehemiwa kwenye ubao, haiongezeki. Kufika mwaka wa tatu, kufungua Word na PDF mbili kwa pamoja kulikuwa sawa na kusubiri daladala usiku wa mvua.

Sasa nasoma uzamili. Tasnifu naiandikia kwenye ThinkPad iliyotumika, niliyoinunua Kariakoo kwa chini ya nusu ya bei ile. Fundi aliniongezea RAM ikafika GB 16, akaweka na SSD.

Nasema wazi: sisi tuliotangulia tunawapoteza wadogo zetu. Mtu akiuliza, “Kaka, ninunue ipi?” tunamjibu “Core i7”, kana kwamba i7 ya mwaka 2013 ni sawa na ya leo. Hatumwambii aulize kizazi cha prosesa. Hatumwambii kuwa Windows 11, kwa masharti ya Microsoft, inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Tunaona aibu kutamka “used”, huku mashati tuliyovaa ni mitumba. Aibu hiyo wanailipia wazazi.

Mdogo wangu, iwashe mbele ya muuzaji. Chomoa chaja, andika ukurasa mzima, uone betri inavyoshuka. Ukiona haifai, ondoka na hela yako. Nyumbani hakuna ng'ombe wa pili.